Hela Isiyonunua Kitu

Fundi alikuwa haitikii salamu mpaka redio iliyo mezani pake imalize kusema. Ungesimama hapo na shikamoo yako, yeye ameinama, kidole kimoja juu: ngoja. Siku moja katekista wetu alimwamkia, akangoja, akachoka, akaenda zake. Robo saa baadaye Fundi akainua uso na kuliambia benchi tupu, "Marahaba, marahaba. Habari za nyumbani?" Mimi nilikuwa nakoroga maharage, nikacheka mpaka machozi. Hakuelewa nacheka nini.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, kwenye machimbo yetu madogo, mwendo wa baiskeli kutoka Segese. Mimi nilikuwa na kibanda cha chakula, yeye na meza ya redio. Kilichotutenganisha ni bati moja lililosimamishwa, nalo alilitoboa tundu ili apitishe chuma chake cha lehemu na kukipasha kwenye mkaa wangu. Nasema mkaa wangu kwa sababu yeye hakuwahi kununua hata kopo moja. Nikimlalamikia ananijibu, "Mama Kulwa, moto hauliwi." Halafu anakula ugali wangu, anamaliza, anasukuma sahani na kusema chumvi imezidi. Kila siku chumvi imezidi, na kila siku sahani inarudi nyeupe.

Jina alikuwa nalo, nadhani, lakini sisi tulimwita Fundi na akaitika. Wengine walisema ni Msumbwa wa Ushetu, kwa kuwa aliijua tumbaku kwa kuinusa tu. Wengine walisema Msukuma kabisa, wa Didia, kwa kuwa akikasirika Kiswahili kilimkimbia. Mimi sikumuuliza. Mtu ukikaa naye karibu sana unaona aibu kumuuliza mambo ambayo ungemuuliza siku ya kwanza.

Nilichokijua ni koti. Lilikuwa koti la suti, la kijivu, alilivaa hata jua la saa nane, mifuko imejaa bisibisi na vipande vya waya. Na nilijua masharti yake. Redio haipokelewi bila maelezo. Ulikuwa huwezi kumwachia redio na kusema imekufa. Ilikuwa lazima useme umeinunua wapi, nani aliitumia kabla yako, ilianza kukohoa lini, siku hiyo ilikuwa imewekwa wapi. Yote anayaandika kwenye kikaratasi, anakifunga kwa uzi kwenye kishikio. Wachimbaji waliona ni usumbufu. Mmoja alimwambia, "Mzee, hii ni redio, siyo mgonjwa." Fundi akamrudishia redio yake. "Kitu kisichojulikana kimetoka wapi," akasema, "mimi sikigusi."

Hilo lilikuwa neno lake kubwa. Kama alikuwa na dini, dini ilikuwa hiyo, maana Ijumaa hakuonekana msikitini wala Jumapili kanisani.

Sasa kuhusu kipimo.

Siku hizi watu wanavijua vipimo vya kutafutia dhahabu, vinavyokuja na sanduku lake. Wakati ule sisi tulikuwa hatujakiona hata kimoja, na Fundi akajitengenezea chake. Alichukua ungo uliotoboka katikati, ungo wangu, akauzungushia waya mwembamba wa shaba ukingoni, akaufunga kwenye mpini wa jembe. Juu ya mpini akafunga redio mbili ndogo za mfukoni ambazo wenyewe walikuwa hawajazifuata. Ukikiwasha kinatoa mluzi mwembamba kwenye kile kidude cha masikioni. Ukikipitisha juu ya chuma, mluzi unapanda. Nilijaribu mara moja. Ulikuwa mluzi tu, kama birika linalokaribia kuchemka, lakini yeye alisikia ndani yake msumari, kizibo cha soda, jembe bovu, kila kimoja na sauti yake.

Dhahabu hakupata hata ya kujaza kucha. Ardhi yetu ina kokoto nyekundu zenye chuma ndani, na zile kokoto zilimpigia mluzi kutwa nzima. Alirudi jioni na mifuko imejaa vizibo. Vijana wakamwuliza, "Vipi Fundi, leo umeokota soda ngapi?" Alivitunza hata hivyo, kwenye kopo la maziwa, na kikaratasi: shamba la fulani, karibu na kichuguu.

Lakini alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemcheka. Ukipoteza kitu, ulimwita. Kuna bwana alipoteza kengele ya baiskeli yake mpya, akamshika jirani shati mbele za watu, akamwita mwizi. Fundi akaja na ungo wake, akatembea kando ya njia kutoka kisimani mpaka nyumbani, akaikuta imezama kwenye matope ya ng'ombe waliopita. Akaifuta kwa koti. Bwana akanyoosha mkono. Fundi akaiweka mfukoni. "Kengele umeipata," akasema. "Jirani je?" Ikabidi twende msafara mzima mpaka kwa jirani, bwana akaomba radhi, ndipo akapewa kengele yake. Malipo hakutaka. Alitaka aambiwe kengele ilinunuliwa duka gani.

Na kila shimo alilochimba alilifukia, akalikanyaga kwa kisigino mpaka lilingane, hata kama amechimba kizibo. Ng'ombe wa watu watavunjika miguu, alisema. Makaburini hakupita. Kwenye mahame, pale palipokuwa na miji ya watu waliohama zamani, alisimama ukingoni kwanza na kupiga hodi, mara tatu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Kisha anangoja kidogo ndipo anaingia.

Na huyohuyo aliyebisha hodi kwa wafu alikuwa adui wa waganga kama sijui nini. Kwetu duara, yaani shimo la kushukia chini kutafuta mwamba wenye dhahabu, halifunguliwi bila mganga kusema neno. Fundi alikaa mezani pake akiwazomea wanaokwenda. "Mganga ni kipimo kisicho na betri," alisema. "Kinalia popote ulipo na hela." Wateja wangu walicheka. Mimi niliangalia sufuria.

Niliangalia sufuria kwa sababu nilikuwa nimekwenda.

Nilikwenda na mume wangu, Baba Kulwa, wakati duara lake lilipofika kina cha kutisha bila kuonyesha hata rangi ya dhahabu. Watoto walikuwa mapacha, wadogo, tumekula mpaka mbegu. Mganga akatuambia kilima tulichokuwa tunachimba kina wenyewe, watu wa zamani, na hakitatoa kitu mpaka walipwe. Walipwe kwa hela ya zamani, isiyonunua kitu dukani leo, kwa sababu inayonunua ni yetu, hiyo nyingine ndiyo yao. Mkono wa kuiweka uwe wa mke. Na mke asiseme kwa mtu yeyote, maana akisema malipo yanarudi na kilima kinadai upya. Wengine waliopewa sharti hilo walitafuta senti za Mjerumani, zenye tundu katikati. Mimi nilipata nzuri zaidi. Nilikwenda Kahama, kwenye duka la vitambaa, kwa mama mmoja mzee wa Kihindi, Mwislamu, niliyekuwa nikinunua kwake nyuzi. Alikuwa na kopo la vifungo, na ndani ya vifungo vipande vitatu vya shaba, vidogo, vyembamba, vimelika, vina maandishi ya Kiarabu. Akanipa. Nikaja nikachimba kwa kisu karibu na mdomo wa duara, shimo la kuingia kiganja, nikaviweka, nikafunika jiwe bapa, nikarudisha udongo.

Kilima hakikutoa kitu. Masika yale duara likajaa maji. Baba Kulwa akahamia machimbo ya upande wa Geita, na huko akafa kwa homa, akaletwa amefungwa kwenye turubai. Nikabaki na mapacha na kibanda, na kwaya ya akina mama kanisani ambayo ndiyo iliyonishika mkono. Kwaya hiyohiyo ilikuwa imemtoa mwenzetu mmoja kwa sababu alionekana kwa mganga. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza, moja ya mganga na moja ya wazee wa kanisa. Mtu angeuliza nahofia ipi zaidi, nisingejua kumjibu.

Yalipita masika mawili. Ikawa kiangazi, saa tisa hivi, nakaanga vitunguu. Fundi akaingia upande wangu wa bati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, yeye alinyoosha mkono tu. Akakaa. Hakuomba chai. Akafungua kiganja.

"Mama Kulwa," akasema, "nimepata hela isiyonunua kitu."

Vilikuwa vile vitatu. Alikuwa amevisugua kwa majivu, vinang'aa. Nikavitambua kama mtu anavyoitambua kanga yake kwenye kamba ya jirani. Vitunguu vikaungua.

Alikuwa anaongea haraka, mtu ambaye kwa kawaida ungemngoja sentensi yake mpaka chai ipoe. Alivikuta kwenye lile duara la marehemu, samahani mama, lakini si ndani, kando ya mdomo, chini ya jiwe bapa. Havikudondoka. Kitu kilichodondoka hakivai jiwe. Viliwekwa. Shimo lenyewe lilikuwa jembamba, la kiganja kidogo. "Nafikiri ni mwanamke," akasema, na akaniangalia usoni, lakini hakuwa ananiona mimi, alikuwa anamwona mwanamke wa karne za nyuma. Nikauficha mkono wangu ndani ya kanga. Udongo ulikuwa laini kuliko alivyotarajia, akasema, lakini hiyo ilikuwa kazi ya mchwa.

Pale ndipo pa kusema. Sijawahi kupata tena nafasi nzuri kama ile: tulikuwa wawili tu, na jambo lilikuwa bado dogo, la kumalizwa kwa dakika kumi. Nikasema, "Hongera, Fundi."

Hongera hiyo inaniuma mpaka leo.

Alivipeleka kwa mwalimu wa madrasa Kahama. Mwalimu alivisoma kwa shida, akasema ni majina ya masultani wa pwani, si wa Zanzibar, wa nyuma zaidi sana, huenda ni Kilwa enzi zake, kabla hata ya Mreno. Fundi akarudi amebadilika. Alizoea kuwasikiliza watu. Sasa akawa anawaongelesha. Kila mteja aliulizwa: Kilwa na hapa ni mwendo wa miezi kwa miguu, nani alizileta? Mteja mwenye akili kidogo alijibu, wapagazi, wale babu zetu waliobeba pembe kwenda pwani na kurudi na nguo. Fundi alikuwa anamngojea hapohapo. Wapagazi wamesafiri juzijuzi, akasema. Wakati wao hela hizi zilikuwa zimekufa miaka mamia. "Nani anabeba hela iliyokufa? Umbali huo wote, kichwani ana mzigo, anabeba na hela ambayo hata huko inakotoka hainunui kitumbua. Kwa nini?"

Mimi nilikuwa nalijua jibu la nani aliziweka. La kwa nini nililijua pia. Nilimpakulia ugali.

Wakaanza kumwita Mzee Kilwa. Aliandika barua Dar es Salaam, kwa mtaalamu mmoja wa mambo ya kale ambaye jina lake alilisikia redioni, na yule bwana, Mungu ambariki, alijibu kwa heshima. Alisema sarafu yenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mahali. Sarafu ikishatolewa ardhini na mahali pakasahaulika, imebaki kipande cha shaba tu. Kwa hiyo apatunze mahali, apime, achore, aandike kina na aina ya udongo. Fundi alinisomea barua hiyo mara nne. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekuta msomi wa mbali anasema neno ambalo yeye amelisema mezani pake miaka yote.

Akapatunza. Alipanda minyaa kuzunguka pale, akapima kwa kamba kutoka kwenye mwamba mpaka jiwe, jiwe mpaka duara, akachora kwenye daftari la mistari. Wachimbaji walipotaka kulifungua tena duara lile, alikwenda kukaa juu ya jiwe na koti lake, siku mbili. Walikuja na majembe, wakamkuta. Akawaambia wachimbe, yeye hana nguvu ya kuwazuia, lakini wakumbuke Jumamosi ni mechi ya watani wa jadi na redio zao zote ziko mezani pake. Wakatukana, wakaondoka.

Kisha akaja mnunuzi wa dhahabu kutoka Mwanza, ana kipimo cha kweli, cha kiwandani. Kipimo alikuwa nacho, sikio hakuwa nalo. Watu wakamwambia nenda kwa yule mzee. Akamjaribu nusu siku, akataka kuondoka naye hapohapo, wazunguke machimbo yote mpaka Geita, wagawane nusu kwa nusu. Niliona jinsi Fundi alivyokishika kile kipimo. Alikishika kama mtu anayepakatishwa mjukuu. Akakivaa masikioni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akakirudisha. Akasema akienda, minyaa itang'olewa na mahali patapotea.

Jioni ile nilimwuliza, kwa ukali, kama amerogwa. Nusu kwa nusu, mzee! Angejenga nyumba ya bati. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama Kulwa, yule aliyeziweka pale hakuwa mjinga. Alikuwa na shida yake. Nataka niijue."

Nikaingia ndani ya kibanda nikalia. Kwa sababu alikuwa ananizungumzia mimi, na hakuna mtu aliyewahi kutaka kuijua shida yangu ile, hata marehemu. Na tena, niseme kweli yote: nilikuwa napenda awe nazo. Duara lile lilikula mali yetu yote na mume wangu juu yake. Hakuna furaha hata moja iliyotoka pale isipokuwa hiyo ya Fundi. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake. Nikimwambia nitamuua. Mzee mzima, umri umekwenda, unamwambia hela zako ni za mke wa mchimbaji na mganga wake, kile kipimo kisicho na betri? Nilijiambia hivyo masika sita.

Masikio yalianza kuziba. Kile kidude cha masikioni na mluzi wake wa miaka, nadhani, au ni uzee tu. Kwanza la kushoto likafa kabisa. Akawa anazifungua redio ambazo tayari zinasema. Wateja walimvumilia, kisha wakaanza kuzipeleka Segese. Siku moja alikusanya vikaratasi vyake vyote ndani ya kopo, akanikabidhi ungo wangu, umetoboka vilevile, akasema anakwenda Didia kwa binti yake mkubwa. Aliniaga kwa kusema maharage ya siku hiyo yalikuwa na chumvi ya kutosha. Nilijua anadanganya, kwa sababu siku hiyo nilisahau chumvi.

Miezi michache baadaye dereva mmoja wa lori la pamba akaja kula kwangu, akaniletea salamu. Mzee wako hajambo, akasema, ameuza ng'ombe wake wawili, anasafiri Dar es Salaam. Anakwenda kwa wataalamu na daftari lake na hela zake za Kilwa. Amesema masikio yakimalizika hataweza kusikia watakachomjibu, kwa hiyo anakwenda sasa.

Nilikaa chini. Nilimwona: kiziwi, koti la kijivu, amesafiri siku mbili, anasimama mbele ya wasomi na uongo wangu mfukoni, anawaonyesha kwa kidole kwenye daftari, jiwe hapa, duara hapa. Kuna kunyamaza kwingine ukikuendeleza unakuwa mwizi. Kesho yake nikamwachia Kulwa kibanda, nikapanda gari.

Nilimkuta uani kwa binti yake, ameketi kwenye kiti cha uvivu, jua la asubuhi miguuni. Binti na majirani watatu walikuwa wanabambua karanga pembeni. Fundi aliponiona alicheka na uso mzima. Nikampigia magoti, "Shikamoo, Fundi." Akanielekezea sikio la kulia. Nikarudia. Ikabidi nirudie mara ya tatu, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, ndipo akaitikia.

Hapo nikaelewa nilichojitakia. Siri ile niliyoinyamazia kanisani, kwa jirani, kwa watoto wangu, ningeisema kwa kupiga kelele uani kwa watu. Hakukuwa na namna ya kuinong'ona.

Nikasema, "Fundi, zile hela niliziweka mimi!"

"Eeh?"

"Zile hela za Kilwa! Nilizifukia mimi, kwa mkono wangu! Tulikwenda kwa mganga, mimi na Baba Kulwa!"

Karanga zikanyamaza. Majirani wanne macho kwangu, kwa kuwa binti naye nilimhesabu jirani siku ile. Nikaendelea, sasa basi tena, nikamweleza yote kwa makelele, mganga, kilima kina wenyewe, mke asiseme, kisu, kiganja, jiwe bapa. Machozi yalikuwa yanatoka na sauti yangu ilikuwa kubwa vilevile, jambo la ajabu kidogo, kulia huku unapiga kelele. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nilinyamaza kwa kuwa niliogopa kumvunja moyo.

 Kisha akasema, polepole, "Udongo ule ulikuwa laini mno. Ulinisumbua miaka yote. Mchwa hawalainishi upande mmoja."

Nikangoja anitukane. Ningeshukuru. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitambaa, akakifungua juu ya goti, akazitazama zile hela tatu. Uso wake haukuvunjika. Ulikuwa uso niliouona mara nyingi upande wa pili wa bati, mtu akileta redio mpya.

"Basi wewe ulizitoa wapi?" akauliza.

"Kahama! Kwa mama mmoja mzee wa Kihindi, wa duka la vitambaa!"

"Alikuwa nazo tangu lini?"

"Sijui! Zilikuwa kwenye kopo la vifungo!"

"Za pwani," akasema, na sasa alikuwa ameketi wima, "kwenye kopo la vifungo, Kahama. Watu wake walikuja kutoka pwani. Wapi, Kilwa? Huyo ndiye wa kumuuliza. Huyo anajua." Akamgeukia binti yake akamwambia amletee viatu. Alisema Dar es Salaam ingoje, aende Kahama kwanza, ni karibu, angefika leo hii. Akaniuliza, "Yupo dukani mchana?"

Miaka yote nilidhani ninachokilinda ni furaha yake. Nilikuwa namjua Fundi vibaya. Hakuwa amezipenda zile hela kwa kuwa ni za kilima kile. Alipenda kujua zimetoka wapi, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama njiani, na sahani mkononi.

"Amekufa, Fundi," nikasema, kwa sauti ya kawaida.

"Eeh?"

"Amefariki! Mwaka juzi! Nilikwenda kutoa pole!"

"Mwaka juzi," akasema. "Watoto wake?"

"Walihama! Duka ana mtu mwingine!"

Binti alikuwa amesimama mlangoni na viatu. Fundi akamwonyesha kwa mkono avirudishe. Akaniangalia, bila hasira, ningependa iwe hasira. "Mlikuwa mnaonana?"

"Kila nilipokwenda Kahama," nikasema.

Hakunisikia, lakini nadhani alinisoma midomo. Akazifunga hela kwenye kitambaa. Akatoa kikaratasi na kipande cha penseli, akakiweka juu ya goti, akalielekeza kwangu sikio lililobaki. "Hakusema chochote?" akauliza. "Siku alipokupa. Hata neno."

Alisema. Ningependa kuandika kwamba hakusema. Alizihesabu kwenye kiganja changu, moja, mbili, tatu, akanifunga vidole, akashika ngumi yangu kwa mikono yake miwili, mikono mikavu yenye bangili, akaanza kunisimulia.

"Alisema, 'Bibi yangu alipokuwa msichana'!" nikamwambia Fundi.

Akaandika, herufi moja moja. Bibi yangu alipokuwa msichana. Akainua penseli, akangoja.

Ikabidi nipige kelele tena, mbele ya wote wale, kumwambia kwamba ni hayo tu, kwamba hapo ndipo nilipomkatisha yule mama, nikamwambia nawahi gari, atanimalizia siku nyingine.